Mwenyeji, Umushyitsi

Mwaka ule nilikuwa karani wa hesabu, Goma,
ndani ya chumba chenye feni moja na bendera tatu.
Kazi yangu ilikuwa mavi.
Siwafichi: mavi ya ngagi, gorila wetu wa mlimani,
yakifika asubuhi katika vichupa vya kidole,
yameokotwa kwenye vitanda vya majani
walivyolalia usiku mmoja, wakavihama.

Paluku aliyatoa upande wetu, chini ya Mikeno,
soksi zake bado zina upupu.
Nzabonimpa alivuka nayo toka Rwanda,
lebo zimenyooka kama miche ya kitalu.
Byamukama wa Kisoro alileta yake katika boksi la sabuni,
akaomba radhi,
akaomba na chai.

Tukajumlisha. Jumla ikapendeza.
Wakubwa wakapiga makofi, mmoja akaahidi mbuzi.

Kisha majibu ya vinasaba yakarudi.
Vichupa vitatu, mnyama mmoja.
Jumatatu alilala Kongo, Jumatano Rwanda,
Jumapili yuko Uganda, anakunya kwa amani
katika jamhuri ya tatu.
Hakuchukua jeto. Hakupanga mstari Barieri Ndogo
na wamama wa nyanya na vitunguu,
hakuulizwa anakwenda kwa nani.

Kwetu jina lake Mwenyeji.
Ng'ambo wanamwita Umushyitsi, maana yake mgeni.
Byamukama akakuna kidevu:
"Sisi twasema tu, Yule wa Sikio."

Kumi na mmoja walitoka orodhani kwa kalamu yangu
bila risasi, bila homa, bila kaburi.
Mbuzi hakuchinjwa.
Kila meza ikamshika wake: huyu kazaliwa kwetu,
huyu kaota mvi kwetu,
hadi feni ikazimika na umeme,
tukabaki na joto lile moja, sote.

Nilitoka nje kufuata moshi.
Mama Mapasa alikuwa ameleta makala ya kuwapikia wajumbe,
magunia manne juu ya chukudu, toka Kibati.
Nilivunja kipande. Kizito, kinalia kama chuma:
mti usioota shambani kwa mtu.
Sambaza wetu wakaiva
kwa nyumba ya wale tuliokuwa tunawahesabu.
Nilikula. Nilirudia sahani.
"Nipe kingine kinachowaka," aliniambia, bila hasira,
"nitauza hicho."
Niliyaandika maneno yake pembeni mwa ukurasa.
Katika ripoti hayakufika.

Mwezi wa tano, alfajiri, simu ya Nzabonimpa:
"Mgeni wetu karudi kwenu.
Ana waya mkononi, wa kushoto. Daktari yuko njiani."
Daktari akasimama mpakani na buti zake za mpira,
sindano ndani ya mkoba, akingoja muhuri
ambao mwenye kuutunza alikuwa bado hajaamka.
Byamukama akapigia mtu aliyempigia mtu.
Huko juu Paluku alikaa mita kumi kutoka kwa yule mnyama,
barakoa usoni, akimsemesha polepole
kwa Kinande, lugha ambayo mkataba haukuitaja.

Saa tano waya ukakatwa.
Ulikuwa waya wa breki ya baisikeli.
Niliugeuza, nikautafuta mahali pa kuubandika lebo.
Ni wa nchi gani, waya wa breki?

Mbuzi tulimnunua wenyewe, wanne, kwa kuchanga.
Byamukama alisahau deni lake, nami namkumbusha
kila Krismasi.

Katika daftari langu mstari wa arobaini na mbili
una majina matatu. Mkuu aliagiza nichague moja.
Sijachagua.
Jioni napuliza jiko, makala yanaitika, tik, tik,
nami, kwa mazoea tu ya kazi,
nayahesabu.